Fuwele ya Buluu na Eda ya Mama

Watu wakisikia nilifanya kazi Riyadh, swali lao la kwanza ni kama bosi alikuwa akinipiga. Nawaambia hapana, bosi wangu alinipenda. Hapo hamu ya hadithi huwaishia, wakageukia bei ya mchele. Laiti wangejua! Anayepigwa watu wote wanamwonea huruma. Mimi nilipendwa, na kila niliyemlalamikia aliniambia nishukuru Mungu.

Miaka ile Saudia ilikuwa ikizoa watu kama fagio. Ndege niliyopanda ilijaa wasichana wa Kenya na Uganda, wakala wao kawavisha mitandio ya rangi moja wasimpotee. Mimi nilikuwa na shahada ya uzamili mkobani na mkataba wa kazi ya maabara, nikajiona mtu. Tulipotua, askari hakutaka kuona shahada. Aliona mwanamke mweusi aliyesafiri peke yake, akaninyooshea kidole kwa wale wasichana, nikakalishwa nao sakafuni, tungoje makafili, yaani wadhamini waliotuajiri, waje kutuchukua mmoja mmoja kwa saini kama vifurushi vya posta. Nilikasirika hadi machozi. Msichana aliyekaa kando yangu akaniambia, dada, tulia, hapa sisi wote ni mzigo.

Bosi wangu alikuja mwenyewe kunichukua. Tulimwita Daktura, kama wanavyomwita kule mwanamke daktari, naye alikuwa mkuu wa maabara katika upande wa wanawake wa kituo kimoja cha utafiti. Mama wa makamo, mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia. Aliniomba radhi pale uwanjani mara nyingi, utadhani yule askari ni mwanawe. Kisha akatia saini, na pasi yangu ya kusafiria ikaenda kulala katika sefu ya kituo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nilijiambia, na mkataba ukiisha kamba itafunguliwa.

Asiyekaa kule pengine hajui mambo yalivyokuwa. Kuingia nchini unaletwa na kafili, na kutoka pia ni kwa ruhusa ya kafili. Hata uwe na tiketi mkononi na mzigo umeufunga, bila ya viza ya kutoka huendi popote. Kafili wangu kwenye karatasi alikuwa kituo, lakini kituo hakikumtoa mtu bila ya saini ya mkuu wa maabara yake. Kwa hiyo mlango wangu ulikuwa kalamu ya Daktura.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana hata mama yangu niliweza kumweleza kwa simu akaelewa. Kuna uyoga unaoota kwenye magogo yaliyoanguka msituni. Unakula mti. Mti ni mgumu, hauliki hivi hivi, kwa hiyo uyoga unatoa kimeng'enya, yaani protini ya kusaga ule ugumu, na ndani ya kimeng'enya hicho mna chembe nne za shaba. Bila ya shaba hakifanyi kazi yoyote. Shaba hiyo ndiyo inayokipa rangi: ukikisafisha vizuri kinakuwa buluu, buluu ya kanga mpya ambayo haijaguswa na maji. Daktura alitaka kujua umbo lake, shaba imekaaje humo ndani, imeshikwa na nini. Wenye viwanda vya karatasi na vya nguo wanakitaka kimeng'enya kama hicho, na yeye alikuwa amekipata kwenye uyoga ambao hakuna aliyeuchunguza kabla yake.

Sasa, protini moja haionekani kwa hadubini yoyote. Inabidi uzikusanye nyingi mno, uzishawishi zijipange safu, bega kwa bega, kama watu wa swala ya Idi. Zikijipanga hivyo ndiyo fuwele. Fuwele unaipiga eksirei, miale inatawanyika kwa mpango, na kutokana na mpango huo kompyuta inakuchorea umbo. Kuotesha fuwele ni kazi ya kungoja. Unachukua tone la kimeng'enya, unalichanganya na tone la dawa nzito, unalining'iniza chini ya kioo juu ya kishimo, unaziba kwa grisi, unaliacha. Maji yanatoka kidogo kidogo. Ukiwa na bahati, safu zinapangika. Ukikosa bahati, unakuta uji ulioungua.

Mimi nilikuta uji ulioungua tangu nilipofika hadi mkataba ulipokaribia kuisha. Nilibadili chumvi, nikabadili joto, nikabadili kila kinachobadilika. Asubuhi basi la kituo lilituchukua mtaa wa Shumaisi, tulipopanga wafanyakazi wengi wa kigeni, magharibi likaturudisha. Kutoka nyumba hadi basi, kutoka basi hadi lango la wanawake, lango likafungwa. Katika muda wote ule sikuwahi kutembea Riyadh hata mtaa mzima kwa miguu yangu. Nilikuwa nikiuona mji kupitia pazia la dirisha la basi, tena pazia lenyewe bovu, halifunguki wala halifungiki.

Ndipo nikapigiwa simu kutoka Tanga. Baba hatunaye.

Alizikwa siku ile ile, na mimi nilikuwa na pipeti mkononi, nadondosha matone. Sikutegemea kuwahi maziko. Nilichotaka ni kumwahi mama. Mama alikuwa ameingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje, hajitii manukato, hapaki wanja, amekaa chumba cha nyuma na nguo nyeupe. Na kwetu, katika ukoo wa mama, mjane hatoki eda hivi hivi tu. Binti yake wa kwanza ndiye humwogesha, humpaka mafuta nywele, humvika nguo mpya, humfukiza udi, kisha humshika mkono akamvusha kizingiti hadi nje, watu wakamwona. Bibi yangu alitolewa na mama. Mama wa bibi alitolewa na bibi. Binti wa kwanza wa mama yangu ni mimi, wadogo zangu wote ni wanaume. Shangazi alijitolea kushika nafasi yangu, mama akamjibu kwamba anaye binti, na binti yu hai. Akaniambia mwenyewe kwa simu: "Nitakungoja. Usipokuja sitoki."

Namjua mama yangu. Akisema hatoki, hatoki.

Nikaenda kwa Daktura nikamweleza yote. Alilia kabla yangu. Alinikumbatia, akamsomea baba Fatiha, akaniagizia chakula, akanirudisha nyumbani kwa gari lake mwenyewe. Nilipomwomba ruhusa ya kwenda na kurudi, akayafuta machozi akatikisa kichwa. Kabla yangu alikuwa na mtafiti mwingine, alikwenda kwao likizo ya mwezi mmoja asirudi, kazi ikafa. Safari hii kituo kilikuwa kimeshamwambia kwamba bila ya picha ya kimeng'enya, mradi unafungwa. Akanishika mikono akaniambia tufanye ahadi. Fuwele ikipatikana na picha ikatoka, atasaini siku hiyo hiyo, niende moja kwa moja. Akaapa kwa Mungu, na mimi nilimwamini. Hata leo siwezi kusema alikuwa akinidanganya.

Basi nikaingia maabara kama mtu aliyepandwa na shetani. Mama ndani Tanga, mimi ndani Riyadh, na wote wawili tunangojea tone la buluu lijipange safu. Nikimpigia simu aliniuliza, "Hiyo shaba yako imekubali?" Nikimwambia bado, alisema insha'Allah, akanieleza nani kaja kumtazama na nani hakuja. Mama hasahau nani hakuja.

Katikati ya eda yake, Daktura alikwenda Umra akarudi na madumu ya maji ya Zamzam. Anayetoka Makka hugawa, hiyo ni desturi ya Waislamu wote, ila kila mtu na adabu yake. Wengine humimina kwenye chupa za soda. Daktura hakuweza kufanya hivyo. Alichagua vyombo safi kuliko vyote jengo zima, na vyombo hivyo vilikuwa chupa zetu za kioo za maabara, zilizooshwa na kupikwa kwa mvuke hadi haziachi mdudu. Akazijaza Zamzam, akamwekea kila mwanamke moja mezani pake. Hakubandika karatasi yoyote. Karatasi tulizokuwa nazo zilikuwa za fuvu na mifupa, na nani angethubutu kubandika zile kwenye Zamzam? Mimi nilikuwa nimetoka kuswali. Yangu aliiweka kando ya chupa yangu ya maji ya mashine, yale maji matupu yasiyo na chumvi ambayo kwetu mafundi magari huyaita maji ya betri. Chupa na chupa, maji na maji. Hakuna aliyeniambia kitu.

Siku chache baadaye nilifungua trei moja, nikainamia hadubini, nikaona buluu yenye kona.

Nilikaa nikaitazama. Ilikuwa fuwele ndogo, bapa, kama kipande cha kigae, na pembeni yake nyingine, na nyingine. Nikaogopa hata kuhema. Nilipomwita Daktura, alisujudu pale pale katikati ya mashine, koti la maabara likamfunika kichwa. Nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu baba alipofariki. Nilimpigia mama nikamwambia shaba imekubali, atafute nguo mpya.

Nilifurahi mapema. Fuwele zile zilikuwa ndogo mno kwa eksirei, zilihitajika kubwa. Nikarudia matone, dawa ile ile, joto lile lile, kimeng'enya kile kile. Uji ulioungua. Nikarudia tena na tena. Daktura akaanza kunitazama kwa wasiwasi, nami nikaanza kujitilia shaka, huenda niliota. Eda ilikuwa inakatika. Mama aliniambia shangazi keshanunua udi. Nilitamani kuvunja kila kioo kilichokuwa mle ndani.

Kilichonifungua macho kilitokea Alhamisi moja, na Daktura hufunga Jumatatu na Alhamisi. Adhana ya magharibi ilitukuta maabara, basi lilikuwa limechelewa. Akaja mezani kwangu, akachukua moja ya zile chupa mbili, akaketi kwenye kigoda, akaelekea kibla, akasema bismillahi, akanywa. Maabarani hakunywewi kitu, mtoto wa mwaka wa kwanza anajua. Nikamrukia kumpokonya, naye akanishangaa. Akaniuliza mbona Zamzam aliyonipa sijaimaliza, watu wote wamekwisha maliza zao.

Nikaitazama chupa. Ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Na mimi sikuwa nimewahi kunywa hata tama moja. Basi huenda dawa ya trei ile niliichanganya kwa Zamzam, mkono ukikosea chupa.

Sikumwambia neno hadi nihakikishe. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Nilitengeneza matone ya aina mbili: ya kwanza kwa Zamzam iliyosalia, ya pili kwa maji ya mashine niliyoyatia chumvi ya kalsiamu kidogo, kwa sababu Zamzam ina madini mengi na nilishuku hilo kuliko mengine. Zote mbili ziliota. Zile za kalsiamu ziliota kubwa zaidi, nene, buluu ya kutisha. Nilihisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Siri imejulikana. Si mkono wangu tena, ni kipimo cha chumvi, na kipimo cha chumvi anaweza kukifuata mtu yeyote. Nilijiona tayari niko Tanga.

Nikamweleza Daktura kila kitu, kuanzia chupa hadi kalsiamu, kwa haraka, nikicheka. Yeye hakucheka.

Nikamwambia, "Ni kalsiamu tu, Daktura. Mtu yeyote anaweza."

"Kalsiamu naijua," akasema. "Nataka kujua nani aliuongoza mkono wako uende kwenye chupa ile."

Akaushika mkono wangu wa kulia akaubusu. Bosi, mbele ya wenzangu, ananibusu mkono! Tangu hapo matone yakawa yangu peke yangu. Mtu mwingine akitaka hata kuyafunika, Daktura alimzuia. Alisema Mungu ameweka baraka mahali fulani na binadamu hana ruhusa ya kuihamisha. Wenzangu walinionea wivu. Mimi nilihisi kitu kinakaza mguuni, ila nilijisemesha kwamba ahadi ni ahadi, na amekula yamini.

Ikabaki picha. Mashine nzuri za eksirei ziko Ulaya, na Daktura alikuwa amekwisha kupata nafasi huko. Fuwele ziligandishwa, zikawekwa kwenye debe lenye baridi kali, na debe likatengenezewa karatasi zake za kusafiria. Zilitoka haraka, zina mihuri mizuri. Mimi sikuweza kwenda kwa sababu pasi iko sefuni. Daktura naye hakuweza kwenda, kwa sababu miaka ile mwanamke wa kule hasafiri nje bila ruhusa ya mwanamume anayemsimamia kisheria, na wa kwake alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye alikuwa amekasirikia jambo fulani la mirathi na simu hapokei. Profesa mzima, nywele zimeanza mvi, anangojea kidole cha mdogo wake kibonyeze ruhusa kwenye simu. Niliingia ofisini kwake nikamkuta amejiinamia. Nilimhurumia, halafu nikapandwa na hasira. Nilisema moyoni, ewe mama, si unaonja sasa? Na mbona hujifunzi?

Mwisho tukapata mashine Jeddah. Si kubwa kama ya Ulaya, lakini inafaa. Tukaenda kwa gari, dereva mbele, sisi wawili nyuma na debe katikati yetu limefungwa mkanda. Safari ni ndefu, jangwa halibadiliki. Penye kizuizi cha barabarani askari aliomba karatasi. Daktura akafungua mkoba kutoa barua ya kituo, nami nikaona pasi yangu humo ndani.

Hamjui nilivyohisi. Ameitoa sefuni! Nikageuza uso dirishani asinione. Hesabu ilikuwa rahisi: picha Alhamisi, saini Alhamisi hiyo hiyo, ndege kutoka Jeddah usiku, na Ijumaa eda ya mama inakwisha, nipo. Sikumuuliza, nilidhani anataka kunishtukiza kwa furaha. Na kweli, ndivyo alivyotaka.

Jeddah nilifikia mtaa wa Bani Malik kwa binti wa ami yangu, aliyekuwa akifanya kazi za ndani za kutwa na kupanga chumba na wenziwe. Chumba chenyewe kidogo, magodoro yamebanana, nje teksi za kuchangia zinaita abiria hadi usingizi unakimbia. Nilimsimulia habari zangu. Yeye yalishamkuta mengi, hakuwa na subira na watu wa maofisini. Akaniambia nisimwamini mtu aliyeshika pasi yangu, hata akinibusu miguu. Akaniambia anajua watu wanaojipeleka wenyewe kwa askari wa kufukuza wageni, wanapigwa alama za vidole, wanapandishwa ndege, mafi rujuu, hawarudi tena, lakini wako kwao. Nilimjibu kwa kiburi kidogo kwamba mimi nina ahadi. Akanipa chai.

Siku ya eksirei niliifunga fuwele kwenye sindano yake, buluu kama nilivyoiotesha. Mashine ikawaka. Kwenye kioo cha kompyuta vikaja vidoa, safu kwa safu, vizuri mno, Daktura akaanza kusoma dua chini kwa chini. Nami nikatazama kamera inayoonyesha fuwele yenyewe. Ilikuwa inapauka. Ile buluu ilififia polepole hadi ikawa kama kioo cha dirisha. Mwenye mashine alinieleza kwamba ndivyo ilivyo, miale yenyewe inaibadilisha shaba, kuitazama ndiko kunakoiharibu. Nilikuwa najua hilo vitabuni, lakini kuliona kuliniuma. Nilikuwa nimezoea kuiita yangu.

Alasiri ya siku ya pili, Alhamisi, umbo likatoka. Kompyuta ilichora kama wavu wa uzi uliokunjwakunjwa, na mle ndani shaba ndizo zilizoonekana mwanzo, nne, kubwa kuliko vyote. Moja peke yake, tatu pamoja. Kila moja imezungukwa, imeshikwa pande zote na protini yenyewe. Daktura alinionyesha kwa kidole, huku analia: tazama ilivyoshikwa, tazama, haina pa kwendea. Kwake hilo lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuona. Akasema halas, tumemaliza, akanikumbatia, akafungua mkoba.

Akatoa boksi la halua na bahasha. Nikaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na ikama mpya, kadi ya kibali cha kukaa na kufanya kazi nchini, yenye picha yangu. Miaka miwili. Alikuwa amenifanyia mwenyewe, bila kunisumbua, ndiyo maana pasi ilitoka sefuni. Amenipandishia cheo, amenitafutia nyumba nzuri mbali na Shumaisi. Alikuwa akining'arizia macho kama mtoto aliyemletea mama yake zawadi ya Idi.

Nikamwambia, "Daktura, mimi nilitaka kwenda kwa mama."

"Mama tutamleta Umra," akasema. "Tiketi yake juu yangu. Mungu ameuleta mkono huu kwangu, mimi ni nani niurudishe?"

Nikamkumbusha yamini yake. Akasema ameshaamua kulisha maskini kumi kwa kafara, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Hakuwa na haya wala uovu usoni. Alikuwa na furaha tu. Ningempata muovu, wallahi ningemtemea mate. Nikashika boksi la halua, nikasema ahsante. Nilisema ahsante, na neno hilo bado linanichoma.

Ijumaa baada ya swala mama akapiga simu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za lile jengo la Bani Malik, maana chumbani palikuwa na watu. Kwa nyuma nilisikia wanawake wamejaa nyumbani kwetu. Akaniuliza niko wapi, ndege imefika wapi. Nikamwambia kweli yote: picha imetoka, ikama mpya, miaka miwili.

"Mwanangu," akasema, "mimi nikikungoja humu ndani tutakuwa wafungwa wawili. Kaa hapo hapo kwenye simu."

Nikakaa. Nikamsikia anawaambia wanawake wasimguse, ataoga mwenyewe. Nilisikia maji. Nilisikia sanduku likifunguliwa, na kanga mpya ikikung'utwa. Hakuna aliyepiga kigelegele, hawakujua kama inafaa. Kisha nikasikia ndala zake kwenye sakafu, na mlango, na halafu sauti za mtaani kwetu, muuza mihogo, na jirani mwanamume akisema, ah, mama, pole, karibu tena duniani. Mama akamjibu ahsante baba. Mama yangu alivuka kizingiti peke yake, wa kwanza katika ukoo wake.

"Mimi nimeshatoka," akaniambia. "Na wewe nani atakutoa?"

Nikamwambia, Daktura.

"Basi mwambie kwamba mama yako anamsalimu sana."

Mtu wa Tanga akikutumia salamu za namna hiyo, ukajifunike shuka kwa aibu. Kesho yake, njiani kurudi Riyadh, debe tupu katikati yetu, nilizifikisha neno kwa neno. Daktura alifurahi mno. Aliuliza mama anaendeleaje, eda imekwisha salama, nikamwambia imekwisha. Akanishika mkono wa kulia, akaniambia nimpe mama salamu zake nyingi, na nimwambie anamshukuru sana kwa kumpa mimi.

Hizo sikuzifikisha.